Ziro ya mita 100 kwa bunduki ya .308: anza na risasi

Wanaoanza kulenga shabaha kwa .308 (bunduki ya risasi yenye kipenyo cha inchi 0.308) huuliza kwanza ziro, yaani umbali ambao risasi hutua palepale darubini inapolenga, iwekwe mita ngapi, 100 au 200. Kuna swali linalotangulia hilo: unapiga risasi gani? Ziro si ya bunduki peke yake. Ni ya bunduki hiyo pamoja na risasi ya aina hiyo, ya uzito huo, na ya toleo hilohilo la kiwanda. Ukifungua boksi la aina nyingine, ziro imehama hata kama darubini haijaguswa.

Kwa .308 Winchester, anza na kichwa cha shabaha (kichwa ni ile sehemu ya risasi inayoruka) cha greni 168 au 175; greni 15 ni kama gramu 1. MatchKing cha kampuni ya Sierra ndicho ambacho vingine hulinganishwa nacho, na kampuni ya Federal hukipakia kiwandani katika risasi zake za Gold Medal: cha 168 hutoka mtutuni kwa mita 808 hivi kwa sekunde, cha 175 kwa 792. Kile cha 168 kilibuniwa kwa mashindano ya mita 300, na kwenye umbali huo kinapendeza sana. Udhaifu wake uko mbali. Mkia wake umepunguzwa kwa pembe kali, na kasi inaposhuka kukaribia ile ya sauti, kichwa huanza kuyumba na matundu hutawanyika bila kosa la mpigaji. Uwanja ukiishia mita 600, 168 inatosha. Ukipiga 800 na kuendelea, chukua 175. Mtutu ambao mifereji yake ya ndani, inayozungusha kichwa, huzunguka mara moja kila inchi 12 huvimudu vyote viwili. Vichwa vya greni 185 na zaidi vinataka inchi 10.

Mwindaji asidanganywe na kile kitundu cha nchani mwa MatchKing. Kimetokana na utengenezaji tu, hakimfanyi mnyama afe haraka. MatchKing ni cha karatasi. Kwa nyama nunua kichwa kilichotengenezwa kutanuka.

Nunua aina tatu, boksi moja la risasi 20 kwa kila aina. Piga makundi mawili ya risasi kumi kumi kwa kila aina, siku moja, ukipumzisha mtutu katikati. Kumi, si tatu. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea: kundi la risasi tatu linapotoka dogo, hupigwa picha na kusambazwa, kisha kesho yake halirudi. Chukua bunduki ambayo mtawanyiko wake wa kawaida ni sentimita 1 kutoka katikati. Katikati ya matundu matatu huweza kukosea kwa zaidi ya nusu sentimita, na kliki moja (hatua moja ya kitasa cha darubini) ya 0.1 miliradiani, kipimo cha pembe, kwenye mita 100 ni sentimita 1. Unajikuta unazungusha darubini kufuata bahati. Kwa matundu kumi kosa hilo hushuka hadi kama milimita 3, na hapo kliki ina maana.

Ukishapata aina inayokubaliana na mtutu wako, tazama namba ya toleo kwenye boksi na ununue za toleo hilo nyingi kadiri leseni na mfuko vinavyoruhusu.

Sasa umbali. Kwa shabaha, mimi nasimama na mita 100. Darubini ikiwa sentimita 5 juu ya mtutu, 168 iliyowekewa ziro 100 haitoki hata sentimita 1 nje ya mstari wa kulenga kati ya mita 50 na 100, na haipandi juu yake kwa kiasi cha kuonekana. Kwa hiyo kila marekebisho ya mbali ni ya kupandisha tu: mita 200 imeshuka kama sentimita 12, mita 300 kama 44. Upepo nao unasamehe. Wa mita 3 kwa sekunde ukivuma kutoka ubavuni huisogeza risasi sentimita 1 na kidogo kwenye 100, lakini zaidi ya 5 kwenye 200, na kosa hilo ukilifunga ndani ya ziro utalibeba kila siku isiyo na upepo.

Kuna na mwinuko. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Ziro ya mita 100 huvuka safari hiyo kwa tofauti isiyoonekana kwenye karatasi. Jedwali la marekebisho ya mita 600 halivuki, lihesabu upya.

Ziro ya 200 ina nafasi yake kwa mwindaji asiyetaka kugusa kitasa cha darubini. Risasi itakuwa sentimita 6 juu kwenye 100 na kama 26 chini kwenye 300, hivyo mpaka 200 na kidogo analenga katikati ya bega tu.

Namna ya kuiweka: hakikisha bunduki haina risasi, toa bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu), laza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, chungulia kiini cha shabaha ya mita 25 kupitia mtutu, kisha leta msalaba wa darubini hapohapo. Rudisha bolti, piga tatu. Kwenye 25 matundu yanatakiwa yakae kama sentimita 2 chini ya kiini. Kliki hapo ni milimita 2.5 tu. Nenda 100, ondoa paralaksi (msalaba kuonekana ukihama juu ya shabaha jicho linaposogea), piga kumi, pima katikati ya kundi, rekebisha, piga kumi tena. Ukiona makundi mawili yaliyotengana badala ya moja, usiguse kliki: kagua skrubu za pete zinazoshika darubini na za kitako kwa spana ya kupimia mkazo.

Risasi ziwe kivulini. Baruti iliyopikwa juani huenda kasi zaidi. Ongezeko la mita 15 kwa sekunde ni milimita 3 hivi kwenye 100, lakini hufika sentimita 15 kwenye 600. Ukiwa bado unasoma upepo, usiiache risasi ikae ndani ya chemba ya mtutu uliopata moto.

Mtutu uliotoka kusafishwa huwa na mafuta, na risasi yake ya kwanza hutua mahali tofauti. Piga tano hadi kumi kwenye kingo ya udongo kabla ya kuhesabu chochote. Kisha andika kwenye kadi, uibandike ubavuni mwa kitako: aina ya risasi, namba ya toleo, joto, mwinuko, na tundu la kwanza la mtutu baridi lilikaa wapi.