Kuchomelea mabomba ya zinki bila kuvuta moshi wake

Mageti na stendi za matangi huwa natumia mabomba ya maji ya chuma yaliyopakwa zinki, maana hayali kutu upesi. Taabu yake ni ule moshi mweupe. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,500 hivi za Selsiasi, zinki huchemka kwenye 907 tu. Kabla chuma hakijalegea, zinki imeshakuwa mvuke. Ukiuvuta, mchana unaendelea na kazi vizuri. Jioni au usiku ndipo inakuja homa, baridi, viungo kuuma na ladha ya chuma mdomoni. Wengi hukimbilia dawa ya malaria bila hata kupima. Kwa kawaida huisha kwa siku moja au mbili, ila kifua kikibana, nenda hospitali. Na habari ya kunywa maziwa ili kuondoa sumu ya moshi iacheni: maziwa yanakwenda tumboni, moshi uko mapafuni.

Mimi naitoa zinki kwanza. Kwa grenda yenye diski ya msasa, nimevaa miwani na barakoa, nasugua sentimita 3 hadi 5 kila upande wa kiungo, pale mabomba yanapoungana, mpaka chuma king'ae. Ndani ya mdomo wa bomba napitisha tupa ya nusu duara. Huko ndani haiishi yote, kwa hiyo moshi utatokea upande wa pili: angalia bomba limemwelekea nani. Usizibe ncha zote mbili bila kuacha tundu. Hewa ikipata moto hutanuka na kukurushia chuma kilichoyeyuka usoni.

Nachomelea nje, upepo ukitoka ubavuni. Ukiupa mgongo, moshi huzunguka mbele ya kifua na kupanda ndani ya kinga ya uso. Kichwa kisiwe juu ya kiungo. Ndani ya kinga navaa barakoa ya FFP2, ile yenye kichujio cha chembe ndogo. Ya kitambaa haizuii kitu. Kwa vijiti vya kuchomelea vya milimita 2.5, ampea 70 hadi 90, kioo cheusi cha kinga namba 10 kinatosha.

Moto ukianza kurukaruka na mshono kutoboka vitundu kama sponji, zinki imebaki. Simamisha, saga mshono wote, anza upya. Kuzidisha ampea kunaongeza moshi tu.

Ukimaliza, gonga magamba, piga brashi ya waya, kisha paka rangi yenye zinki mara mbili. Hapo uliposugua ndipo kutu itaanzia.