Konyeza na bibi yangu

Jana tumemaliza arobaini ya bibi. Wageni wameondoka, masufuria yamerudishwa kwa wenyewe, nami usingizi umegoma. Nimejikuta nasoma habari za konyeza, wale viumbe laini wa baharini ambao wengine huwaita yavuyavu, kwa sababu yuko mmoja asiyelazimika kufa kwa uzee.

Ni mdogo mno, kama milimita 4.5, na tumbo lake jekundu unaliona kupitia mwili. Mwaka 1988 mwanafunzi wa Kijerumani, Christian Sommer, alikusanya viumbe wa baharini huko Rapallo, Italia, akawafuga ndani ya vyombo. Konyeza hawa, badala ya kufa, wakawa wanarudi nyuma. Konyeza huyo akijeruhiwa au akikosa chakula, mwavuli wake hunywea, minyiri huyeyukia mwilini, naye huzama na kubaki kidonge cha nyama. Kidonge kinashika jiwe, kinachipua mfano wa mmea, na kwenye matawi yake wanachomoza konyeza wapya. Huko Shirahama, Japani, mwanasayansi Shin Kubota aliwalea akiwakatia chakula chini ya hadubini, na ndani ya miaka 2 akawaona wakirudi utotoni mara 10.

Samaki akimmeza, basi, ndiyo mwisho wake.

Kurudi utotoni. Hapo ndipo nilipoketi kitandani, maana ndivyo tulivyosema juu ya bibi miaka yake ya mwisho. Nilimlisha uji kwa kijiko, nikimpangusa kidevu, naye akiniita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Mwili wake ulibaki na uzee wake wote, kumbukumbu ndizo zilizorudi peke yao. Konyeza mwili wake huanza upya kabisa, na kwa kuwa hana ubongo, hana wa kumsahau.

Nimejiuliza usiku huu: ningerudishiwa bibi akiwa mchanga, ngozi laini, asiyenijua, ningempokea? Nimelia, kisha nikajibu hapana. Namtaka yuleyule wa vidole vilivyopinda kwa kusuka.

Mkeka wake wa mwisho haukuisha. Ukili uko juu ya kabati, umeviringwa, na miyaa inaning'inia pale alipoachia. Nimeushusha nikaushika. Mwanzo wake umekazwa sana. Kuelekea mwisho umelegea, na kuna mahali amerudia mstari mmoja mara tatu.