Tone la Jichoni

Juzi usiku nilimlaza binti yangu pajani ili nimtie dawa ya macho aliyoandikiwa hospitali. Nilimwinamishia kichwa upande, nikadondosha tone moja, kisha nikaendelea kumshika nikingoja lienee juu ya jicho na kupotea, jambo ambalo nesi hakuniagiza. Akaniuliza, "Mama, mbona umenishika kama kuku?" Nilimjibu kwamba mkono ukishazoea kazi hausahau, nikazima taa, lakini usingizi ulikawia sana kuja.

Ilikuwa Julai 2005, mwaka wangu wa pili wa kuchanja kuku kijijini, upande ule wa Mvumi, Dodoma. Bwana mifugo wa kata alikuwa na vijiji kadhaa mikononi mwake na asingeweza kufika kila nyumba, kwa hiyo kinga ya kideri, ugonjwa wa virusi unaoua kuku, ilitutegemea sisi wachache tuliofundishwa kwa siku chache na kukabidhiwa kichupa na daftari. Chanjo yetu ilikuwa I-2, inayotokana na virusi hafifu ambavyo watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walivichagua kwa kuwa huvumilia joto, nayo ilikuwa ikitengenezwa katika maabara ya mifugo ya Temeke, Dar es Salaam. Mahali pasipo na umeme wala jokofu, uvumilivu huo ndio uliotuwezesha kufanya kazi. Nilikiviringisha kichupa katika kitambaa chenye unyevu, nikakiweka ndani ya kikapu kinachopitisha hewa na kukikinga na jua. Kila kuku alipata tone moja katika jicho moja, kifaranga sawasawa na jogoo, na kazi ilirudiwa kila baada ya miezi minne: Machi, Julai na Novemba.

Kwetu ng'ombe ni mali ya baba, lakini kuku ni mali ya mama. Daftari la mtoto, sabuni, nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali, vyote hutoka bandani, na kideri kikiingia kinaweza kufagia banda zima kabla mwezi haujaandama tena. Ndiyo maana niliipenda kazi ile kuliko kazi nyingine yoyote niliyowahi kuifanya.

Asubuhi hiyo nilianzia kwa Bibi, jirani yetu, kabla kuku hawajatoka. Upepo wa Julai ulikuwa mkali na baridi ilipenya hadi kwenye mifupa. Nilibisha hodi, nikamwamkia "Mbukwenyi," naye akanikaribisha ndani ya tembe, katika chumba cha nyuma ambamo kuku walilala. Alishika kibatari, mjukuu wake akawa ananipa kuku mmoja mmoja, nami nikawa nahesabu kwa sauti. Walikuwa 23, na malipo yalikuwa shilingi 50 kwa kila kuku. Bibi alikuwa amezifunga fedha hizo katika pindo la khanga tangu jana yake.

Wa kumi na nne alikuwa jike la madoadoa kama kanga. Alipowekwa mikononi mwangu nilihisi wepesi wake kwanza, kisha joto, kisha ule utulivu usio wa kawaida, kwa maana kuku wa kienyeji akishikwa hupigana. Mabawa yalikuwa yamelegea, na manyoya ya chini ya mkia yalishikana kwa kinyesi cha kijani. Niliinamisha kichwa chake, nikabonyeza kichupa. Tone lilikaa juu ya jicho, mwanga wa kibatari ukiwa ndani yake, nami nikangoja. Kuku mzima hufumba mara moja na tone huzama. Huyu alikawia. Ule utando mweupe wa ndani ya jicho ulitambaa polepole kutoka pembeni, ukafika katikati, ukasimama, na tone likateleza hadi shavuni kama chozi.

Nililiona hilo, na nilijua maana yake. Tulikuwa tumeambiwa, tena kwa kukaririshwa, kwamba chanjo haimponyi kuku ambaye ugonjwa umeshamwingia, kwamba kinga yenyewe huhitaji wiki mbili hivi ili ijengeke, na kwamba mchanjaji akikuta dalili asimamishe kazi, kwa sababu mikono yake na nguo zake zinaweza kuubeba ugonjwa kutoka nyumba hadi nyumba. Nilipaswa kumwambia Bibi palepale. Lakini alikuwa amesimama ameniinulia taa, fedha zake tayari pindoni, na kwa mwaka mzima nilikuwa nimemshawishi anifungulie mlango. Nikamtia yule jike tone la pili, nikamrudisha chini, nikasema, "Kumi na nne."

Nilipomaliza nilinawa mikono kwa sabuni. Nguo sikubadilisha. Nikaenda nyumba ya pili, na ya tatu.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Yule wa madoadoa alikufa siku ya pili, na ndani ya siku tisa Bibi alipoteza kuku 16. Baadaye nilielezwa kwamba jike huyo alikuwa amepelekwa mnadani akakosa mnunuzi, akarudishwa nyumbani na kuchanganywa na wenzake. Kideri hupenda kusafiri hivyo. Nyumba ya pili ilipoteza kuku wote 11. Nyumba ya tatu haikupoteza hata mmoja. Kuku wa nyumba ya pili walikuwa wakichakura jalala moja na kuku wa Bibi, kwa hiyo huenda waliambukizwa huko. Huenda pia ni mimi niliyewapelekea, katika khanga niliyojifunga asubuhi ile. Nimelipima jambo hili kwa miaka mingi, na mizani haijawahi kulala upande mmoja.

Kijijini zilienea habari kwamba chanjo inaua. Nilizunguka nikieleza kwamba waliokufa walikuwa na ugonjwa tayari, na maelezo hayo yalikuwa ya kweli, ila kila nilipoyatoa niliruka sehemu moja. Bibi hakunilaumu mbele ya watu. Siku moja tu, tukitoka kisimani, aliweka ndoo chini akaniuliza, "Mwanangu, asubuhi ile wewe hukuona kitu?"

Nilimwambia kwamba ndani kulikuwa na giza.

Alinitazama kidogo, akasema haya, akajitwika ndoo yake, tukaenda. Novemba nilirudi na kikapu changu bila kuwa na hakika kama mlango ungefunguliwa, kwani nyumba nyingi zilikuwa zimeshanikatalia. Bibi alifungua. Alikuwa na kuku saba waliobaki, fedha zikiwa pindoni kama kawaida, na chumbani vilikuwa vinawaka vibatari viwili. Kimoja alikuwa amekiazima kwa jirani, ili nione vizuri.