Pua na utulivu wa moyo

Watu wengi wa pwani wakiulizwa kwa nini hufukiza udi jioni, hujibu kwamba nyumba inapendeza ikinukia, na mazungumzo huishia hapo. Mimi naamini kazi ya udi ni kubwa zaidi, na sababu iko katika jinsi pua ilivyoungana na ubongo. Tunayoyaona na tunayoyasikia hupitia kwanza katika talamasi, sehemu iliyo katikati ya ubongo, kabla ya kusambazwa kwingine. Harufu hailazimiki kupita huko, bali hushika njia fupi hadi kwenye amigdala, inayohusika na hofu na hisia nyinginezo, na jirani yake hipokampasi, inayohusika na kumbukumbu. Ndiyo maana harufu huweza kumfurahisha au kumhuzunisha mtu hata kabla hajatambua ni ya kitu gani.

Nikirudi kazini kichwa kimechoka, huweka kaa moja la moto kwenye chetezo, nikangoja hadi lifunikwe na jivu jeupe, ndipo nikaweka juu yake kipande cha udi kisichozidi ukucha. Kaa likiwa bado kali, udi huungua upesi na kutoa moshi wa kuni tu. Likishapoa kidogo, mafuta yake hutoka polepole, na kanga iliyotandazwa juu ya tenga huendelea kunukia hadi kesho yake. Muda huo wa kungoja hunilazimu kuketi, kuacha simu na kuvuta pumzi ndefu, kwa hiyo sitadai kwamba udi peke yake ndio unaonituliza. Mazoea nayo yana sehemu yake, kwani mwili umekwisha kujifunza kwamba harufu hiyo ikija, shughuli za siku zimekwisha. (Madirisha huyaacha wazi, kwa kuwa moshi humdhuru mwenye pumu, na mkaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu inayoweza kuua.)

Hata hivyo, hakuna harufu inayomtuliza kila mtu. Kikuba cha asumini na rehani humkumbusha mwingine harusi yake, ilhali ubani, ambao jirani yangu huufukiza kwa raha zake, mimi hunirudisha msibani, kwa sababu kwetu ulifukizwa maiti akiwa bado ndani. Kwa hiyo nina shaka na vichupa vya mafuta vinavyouzwa kwa ahadi kwamba vitaondoa wasiwasi wa yeyote atakayevinusa. Ni afadhali mtu ajiulize ni harufu gani iliyokuwapo alipokuwa salama, iwe ya iliki ndani ya chai au ya mvua ya kwanza juu ya udongo mkavu, kisha aitafute hiyo. Asiinuse kutwa nzima pia, kwa maana pua huizoea harufu baada ya dakika chache na kuacha kuitambua.

Thamani ya pua ilionekana wazi kuanzia mwaka 2020, korona ilipowanyima watu wengi uwezo wa kunusa. Baadhi yao walieleza kwamba chakula kilikosa ladha, na kwamba walijihisi wametengwa hata na watu wa nyumbani mwao, kwa kuwa hawakuweza tena kunusa nguo za mtoto wala mchuzi jikoni. Miongoni mwa tiba walizoshauriwa ni zoezi lililochunguzwa na Thomas Hummel na wenzake mjini Dresden, Ujerumani, na kuchapishwa mwaka 2009: kunusa harufu nne, yaani waridi, mkaratusi, limau na karafuu, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Kwa mtu wa Unguja au Pemba, karafuu na limau zimo jikoni, marashi ya waridi yamo kabatini, na majani ya mkaratusi si ya kuagiza mbali. Kila harufu hunuswa kwa sekunde kadhaa, bila kuvuta kwa nguvu, huku mtu akijitahidi kukumbuka ilivyokuwa zamani. Si kila aliyefanya zoezi hilo alipona, lakini seli za kunusa zina uwezo wa kuzaliwa upya, na wengine huanza kuona nafuu baada ya miezi kadhaa.