Kadi ya "Watu wa Ng'ambo"

Mafunzo yale ya waelimishaji rika, yaani vijana wanaoongoza vijana wenzao kuzungumza na kusuluhisha migogoro, yalikuwa na vijana 24, nusu kwa nusu kutoka pande mbili za mto, wote kati ya miaka 18 na 29, umri ambao Azimio namba 2250 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la mwaka 2015, linautumia kumwelezea kijana. Hatukutaka wazidi hao 24. Wakiwa wengi, wachache ndio hupata zamu ya kuwezesha mbele ya wenzao, na mihadhara haimfundishi mtu kushika kikao kilichochafuka.

Siku ya mazoezi, kila jozi, mmoja wa upande huu na mwenzake wa upande ule, ilipewa dakika 20 kuongoza zoezi la mti wa mgogoro, mchoro wa kuchambua ugomvi ambao washiriki hubandika kadi zao juu yake. Shina ni tatizo lenyewe, mizizi ni vyanzo, matawi ni matokeo. Kila kadi wazo moja, kwa herufi zinazosomeka kutoka nyuma ya chumba. Zana hii huharibika upesi. Watu hubandika kisasi kwenye mizizi wakati ni tawi, au huandika jina la kundi zima kana kwamba kuzaliwa mahali fulani ni chanzo cha ugomvi.

Ndivyo ilivyotokea. Kijana mmoja alibandika kwenye mizizi: "Watu wa ng'ambo." Chumba kizima kimya. Binti aliyekuwa akiwezesha alitoka huko huko ng'ambo. Sisi wakufunzi hatukuinuka. Mkufunzi akirukia hapo, vijana hujifunza kwamba mambo mazito si yao.

Yule binti hakuibandua kadi. Angeibandua, aliyeiandika angenyamaza na kuondoka na chuki yake nzima. Aliuliza, "Walifanya nini?" Walileta mifugo kwenye kisima chetu, akajibiwa. "Kwa nini siku ile?" Chao kilikuwa kimekauka. "Na zamu za kisima hupangwa na nani?" Hakuna aliyejua. Kijana akachukua kalamu, akaandika, "Zamu hazina mpangaji," akaibandika juu ya ile ya kwanza. Yale maswali yote yaliulizia kitendo na mazingira yake. Hakuna hata moja lililomtaka mtu ajitetee.

Kwenye mrejesho wa baada ya zoezi, aliyewezesha husema kwanza, wenzake wafuate, mkufunzi awe wa mwisho. Mkufunzi akitangulia, wengine humwitikia tu.

Mchana, mshiriki mmoja alianza kusimulia kifo cha kaka yake, na wenzake wakataka amalizie. Jozi iliyokuwa zamu ikasimamisha mazungumzo, ikamuuliza kama angependa kuendelea. Hakupenda. Mshauri nasaha alikuwa nje ya mlango, akatoka naye. Kwa maoni yangu, bila mshauri kuwepo, kikao cha kusimulia machungu kisianze kabisa.

Mipaka tuliisema wazi: ubakaji, mauaji na silaha si kesi za mwelimishaji rika kusuluhisha, na usiri hukoma pale uhai wa mtu unapokuwa hatarini. Mwishoni kila jozi iliandika mpango wa kikao chake cha kwanza: watu 10 hadi 15, saa ambayo wanawake wanaweza kufika, mtu wa kupokea kesi nzito, na mahali. Mipango kadhaa tuliirudisha kwa sababu ya hilo la mwisho. Walichagua nyumba ya ibada ya upande mmoja, na wa upande wa pili wasingevuka kizingiti chake.