Mate kwanza, gundi baadaye

Tanga, Jumapili usiku

Leo tumesoma arobaini ya Baba. Masufuria yameoshwa, majamvi yamekunjwa, wageni wa Muheza wameshaondoka. Tunaandika kabla usingizi haujatushika, kwa kuwa wajukuu wadogo watakua wakimjua kwa picha tu, na kwenye picha zote amenuna. Hakuwa mtu wa kununa yule. Alimnunia mpiga picha peke yake, akidai kicheko kinamaliza filamu.

Ngamiani walimjua kama fundi baiskeli wa chini ya mwarobaini. Mji huu ni wa baiskeli, kwa hiyo kazi haikumkaukia. Mgeni akifika na tairi limelala, Baba alimpokea kwa msemo wa mji, ila aliutia chumvi yake: "Waja leo, waondoka leo, pancha ikikubali." Halafu hakugusa spana. Alitia mate kwenye ncha ya kidole, akayapaka juu ya valvu. Yakitoa povu, tyubu haina neno; kilichochoka ni kile kipira chembamba cha ndani ya valvu, ambacho jua la huku hukikausha mpaka kikapasuka. Alikibadilisha kwa dakika moja na hakutoza kitu. "Mate yangu hayana bei," alisema, "na yenye bei huyawezi."

Pancha ya kweli ilikuwa na adabu zake, na alizirudia mpaka mjukuu wa miaka saba akazijua. Tyubu ijazwe upepo kidogo, ipitishwe kwenye karai la maji, panapotoka mapovu pachomekwe njiti ya kiberiti pasipotee. Pakaushwe, pasuguliwe kwa msasa, eneo pana kuliko kiraka. Kiraka chenyewe alikikata kwenye tyubu kuukuu, cha mviringo, maana penye pembe ndipo kinapoanzia kubanduka. Gundi ipakwe nyembamba pande zote mbili, na hapa ndipo wengi huharibu: hubandika ikiwa mbichi. Baba alisubiri mng'ao uishe, aiguse kwa mgongo wa kidole isinate, na muda huo ulitosha hadithi moja ya Coastal Union, timu ya mpira ya Tanga. Mwisho, kabla tyubu haijarudi, vidole vipite ndani ya tairi taratibu. Mwiba wa mkonge hukatikia humo, ukabaki ncha nyeusi ndogo kama punje ya ufuta. Usipoutoa, kiraka kizuri namna gani hakifiki barabara ya pili.

Hiyo Coastal ndiyo ilikuwa kalenda yake. Ilichukua ubingwa wa Bara mwaka 1988, na tangu hapo kila jambo la nyumbani lilihesabiwa kutokea hapo. Harusi yake ilikuwa "miaka mitatu kabla ya Coastal", kifungua mimba "miwili kabla", kitinda mimba alizaliwa "Coastal ina miaka saba". Mama alimwambia harusi ndiyo iliyotangulia, basi na ihesabiwe hiyo. Akajibu: "Harusi sina wasiwasi nayo, bi harusi bado ninaye. Kombe ndilo limeondoka." Na Bi Harusi ndilo jina alilomwita mpaka wiki yake ya mwisho.

Siku ya Idi baiskeli ile ile ya kazi ilipeleka watoto watatu Raskazone: mmoja mbele kwenye fremu, amekalia kanga iliyokunjwa mara nne, wawili nyuma kwenye kerieli. Usiku wa kuamkia alijaza upepo mpaka tairi lisibonyee kwa dole gumba. Uzito ule ukikuta upepo mdogo, rimu huibana tyubu na kuitoboa matundu mawili yanayotazamana. Miguu ya nyuma aliikagua mwenyewe, viatu vipya vikae mbali na spoku. Kisha njia nzima akawa konda, "Shusha Raskazone!", hata kabla hawajatoka Ngamiani.

Jikoni alitawala Mama, isipokuwa mkate wa kumimina wa Ramadhani. Huo ulikuwa wa Baba. Mchele vikombe viwili, ulale ndani ya maji, asubuhi usagwe na kikombe kimoja na nusu cha tui zito na kijiko cha chai cha hamira. Aliusugua kati ya vidole. Chenga ikisikika, unarudi kusagwa. Sukari robo tatu ya kikombe, iliki na ute wa yai moja alivitia ukishaumuka. Sufuria lipate moto kwanza na mafuta yaenee, kwani ukimimina kwenye la baridi mkate unashika chini. Makaa machache chini, na vitundu vya juu vikishakauka, makaa mengi juu ya mfuniko. Kilichomponza mara moja moja ni baraza. Gumzo likinoga uji hupitiliza, unachacha, na mkate ukiiva unabonyea katikati. Huo aliuita Usambara, milima pembeni na bonde katikati, na kipande cha kwanza kikaenda kwa Bi Harusi vile vile.

Jioni alipiga kengele mara mbili akifika kona ya nyumbani, na Mama akabandika maji ya chai hapo hapo.

Leo dua ilipokwisha, mtani wake mmoja alivaa koti la Baba lenye madoa ya grisi, akanuna kama kwenye picha, akaanza kupaka mate valvu za baiskeli za wageni. Watu walicheka mpaka wakashikilia nguzo. Kisha akaifungua kengele kwenye usukani, akaenda nayo mpaka kona, akaipiga mara mbili.

Mama yuko edani, hatoki. Kutoka chumbani sauti yake ikasikika, ya kawaida kabisa: "Bandikeni maji."

Ua zima likanyamaza. Halafu kicheko kikaanzia huko huko chumbani, cha Mama, kirefu.

Mtani aligoma kuirudisha kengele mpaka alipwe. Mama akamtumia kipande cha kwanza cha mkate, kwenye kisahani.