Uhandisi wa Mawasiliano katika Nchi ya Milima

Wanafunzi wa mchepuo wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) hapa Mbeya huniuliza kama uhandisi wa mawasiliano unalipa. Huwajibu kwamba kwanza wajipime kama wako tayari kuishi na hisabati kwa miaka mingi, kwa kuwa kazi hii si kutengeneza simu zilizoharibika, bali ni kuhakikisha kwamba sauti ya mama aliyeko Makete inamfikia mwanawe Dar es Salaam bila kukatika.

Nyanda za Juu Kusini zenyewe ni darasa. Mawimbi ya maikrowevu yanayounganisha mnara na mnara husafiri kwa mstari ulionyooka, hivyo madishi mawili hayana budi kuonana. Ukitoka Uyole kuelekea Tukuyu, safu ya Uporoto inakukabili, na ni lazima utafute mahali pa juu pa kuweka kituo cha kupokezana. Wimbi huhitaji pia nafasi pembezoni mwa mstari huo, na kwa sababu hiyo, kule Mufindi, anayepanga njia juu ya mashamba ya miti hupiga hesabu ya urefu ambao misonobari itafikia, si ule iliyo nao leo.

Kisha kuna mvua, na hapo ndipo Rungwe inapomkomaza mhandisi. Katika masafa (yaani idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, si umbali) yanayozidi gigahezi 10, matone hufyonza na kutawanya mawimbi, kiasi kwamba Uyole kunaweza kuwa kukavu kabisa huku kipimo cha nguvu ya mawimbi kikishuka mbele ya macho yako kwa sababu mvua kubwa inanyesha upande wa pili wa mlima. Dawa yake huandaliwa mapema: kuacha akiba ya nguvu, kuchagua masafa ya chini, au kufupisha umbali, maana hata siku ya jua, umbali ukiongezeka maradufu, nguvu inayopokelewa hubaki robo tu.

Shahada ni mwanzo. Mhitimu husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kisha hufanya kazi chini ya uangalizi kabla ya kutambuliwa kuwa mhandisi kamili. Katika kipindi hicho, naomba sana, usikubali kubaki ofisini: fuatana na mafundi minarani, jifunze kusoma ramani za miinuko, na usidharau betri na sola, kwa sababu mnara uliokosa umeme hauna faida kwa kijiji, hata kama madishi yake yameelekezwa sawasawa.